Koti la Mwalimu wa Jiografia

Nilinunua kopo la poda sokoni Kasongo siku ya Ijumaa asubuhi, na yule mama muuzaji akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna mtoto mchanga. Nikamwambia hapana, ni ya mtu mzima. Akakitazama kichwa changu chenye mvi, akacheka, akanifungia kopo katika mfuko bila kuuliza tena. Kwetu poda ina kazi mbili. Ya kwanza ni ya watoto wachanga. Ya pili ni ya siku matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka: aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka uso mzima unakuwa mweupe, kisha anazunguka mitaani hivyo hivyo ili kila mtu ajue bila kuambiwa. Mimi nilimwagiwa yangu zaidi ya miaka thelathini iliyopita, kule Kabambare. Kopo hili la Ijumaa lilikuwa la mtu aliyenimwagia siku ile, ambaye mwenyewe hakumwagiwa na yeyote, na ambaye wiki mbili kabla alikuwa amezikwa Lusangi.

Jina lake Amuri. Alikuwa chefu, yaani kiongozi, wa darasa letu la sita, mwaka ambao nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Habari ya kifo chake niliipata kwa ujumbe wa Mwamini, mmoja wa wenzetu wa darasa lile: Amuri ametutoka, matanga yanamalizika Jumamosi, Bwana Ramani safari hii usikose. Bwana Ramani ni mimi. Nilikuwa nimekosa arusi ya Amuri, nikakosa ubatizo wa watoto wake, na kila mara nilikuwa na sababu, mara mvua, mara mitihani, mara pikipiki haipatikani. Nimefundisha maisha yangu yote, leo ni direkta wa shule ya msingi, nimewakemea watoto wa watu kwa uongo wa penseli na wa kalamu, na uongo mkubwa kuliko wote nilioujua ulikuwa wangu mwenyewe. Tena niliusema kwa kunyamaza. Basi niliposoma ujumbe ule niliamua kwamba Jumamosi, mbele ya wanawe Amuri, nitafungua mdomo, hata kama baada ya hapo hakuna atakayenipa maji ya kunywa. Barabara ilikuwa mbaya kama kawaida yake. Mahali pawili tulishuka tukaisukuma pikipiki kwenye tope, na mara zote mbili yule dereva aliniambia, kwa upole wa mtu anayemhurumia mzee, kwamba tunaweza kurudi tu. Nikamwambia asukume.

Mwaka ule tulikuwa saba katika darasa la sita la ualimu, mwaka wa mwisho wa sekondari. Tulikuwa tumeanza wengi, lakini Salamabila ilikuwa na dhahabu na sisi tulikuwa na madaftari, kwa hiyo kila muhula viti vilipungua. Habari za wazazi wangu nitaziacha, hazina kazi hapa, ila jambo moja. Baba alikuwa anachimba Salamabila, na mwanzoni mwa mwaka alikuja Kabambare kuongea na perefe, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule ya sekondari. Waliongea barazani kwa perefe, nami nilikuwa nyuma ya nyumba nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilimsikia baba akisema, bila hasira yoyote: "Mumuchukue mwaka moja. Mbili, hapana. Akianguka, shimo inamungojea." Perefe alijaribu kusema kitu juu ya akili yangu, baba akamjibu kwamba hata shimoni akili inatakiwa. Nilikuwa nimeshaingia shimo lile wakati wa likizo mbili. Najua giza lake, najua jinsi udongo unavyoanza kudondoka kidogo kidogo juu ya shingo kabla haujaanguka wote. Tangu siku ile barazani nilisoma nikiwa na udongo ule shingoni.

Tulilala mimi na Amuri katika nyumba ya shangazi yake, Mama Tausi, nyuma ya shule, katika chumba kimoja chenye dirisha la ukubwa wa sahani. Godoro letu lilikuwa gunia la nyasi kavu. Mama Tausi alitupikia ugali wa muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo, siku sita za wiki, na siku ya saba mchele na maharagwe, na mawese akimimina kwa kijiko cha chai kama dawa. Alikuwa akitucheka. Ilikuwa hivi: baada ya Krismasi walimu wetu walianza kwenda Salamabila mmoja mmoja, maana mshahara wao ulikuwa hadithi tu. Wa hesabu alituaga. Wa Kifaransa hakutuaga. Wa jiografia alisema anarudi Jumatatu, akaacha koti lake kwenye msumari kando ya ubao, koti la kijivu lenye mfuko mmoja uliochanika, na Jumatatu ile sisi tunaingojea hadi leo. Wakabaki perefe na katekista. Perefe alituita, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba anayetaka kwenda nyumbani aende, hatamhukumu. Hakuondoka mtu. Amuri ndiye aliyesema kwamba sisi si tunasomea ualimu, basi tuwe walimu, kila mtu achukue kozi moja, aisome, aijue mpaka mwisho, aje awafundishe wenzake. Mama Tausi alipopata habari akawa anatuita "walimu wangu", na akituwekea ugali anauliza kama walimu wamenawa mikono.

Amuri alichukua Kifaransa. Saidi, mtoto wa mwenye duka, akachukua hesabu. Mwamini, msichana pekee kati yetu na mkali kutushinda wote, akachukua saikolojia. Mimi nilipewa jiografia, na hapo ndipo jina la Bwana Ramani lilipotoka. Wengine watatu, Feza, Lukali na Tabu, wakagawana zilizobaki. Wiki ya kwanza tuligombana sana. Kila aliyesimama mbele aliulizwa yeye ni nani, na Saidi alitoka nje mara mbili akiapa harudi. Amuri akaleta sheria. Alilitoa lile koti msumarini, akalipiga vumbi, akasema anayefundisha atalivaa, na aliyelivaa ni Mwalimu, anaitwa Mwalimu, wala habishiwi mpaka alivue. Ukiwa na neno, ulimeze, umngoje nje akishavua. Tulicheka siku ile, lakini sheria ilishika. Koti lilikuwa kubwa kwa wote. Kwa Mwamini lilifika magotini. Lakini ukilivaa mgongo unanyooka wenyewe, na hao hao waliokuwa wakikutania kwenye ugali wanafungua madaftari na kuandika unachosema. Sikumbuki furaha nyingine ya ujana wangu iliyofikia ile, nasema kweli.

Darasani kulikuwa na ramani moja ya nchi, ya karatasi ngumu, imetundikwa ukutani tangu zamani. Mchwa walikuwa wamepanda nyuma yake wakala mahali pamoja, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, pale ambapo ziwa na mto Lukuga vinakutana. Palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja cha mtoto, na kupitia tundu lile ulikuwa unaona udongo wa ukuta. Siku niliyofundisha mito nilisimama na koti langu, fimbo mkononi, nikaanza na Lualaba yetu, nikaenda vizuri. Nikafika kwenye tundu. Upande mmoja wa tundu kuna ziwa, upande wa pili kuna mstari mwembamba wa buluu umeandikwa Lukuga, na katikati hakuna kitu. Mto unaingia ziwani au unatoka? Sikujua. Ningesema sijui, neno lenyewe ni fupi. Lakini nilikuwa nimevaa koti, na macho sita yalikuwa yananingoja, jozi sita za macho kusema kweli, na neno hilo fupi lilinishinda. Nikasema Lukuga unaingia ziwani, unalilisha maji. Nikawaamuru waandike, kwa Kifaransa kizuri nilichosahihishiwa na Amuri, sentensi tatu zenye mlio, tukazikariri kwa pamoja hadi zikakaa.

Mwamini alinyoosha mkono. Nikamkumbusha sheria. Aliungoja mwisho wa somo, akanifuata nje chini ya paa la bati, mimi nikiwa nimeshavua. Akaniambia taratibu, bila kunidharau: "Bwana Ramani, ule muto hauingie mu ziwa. Unatoka. Mi nilikaa Kalemie kwa mjomba. Ukitupa majani pale ku kilalo, yanaenda upande wa Kabalo." Alisimama darajani mwenyewe, akayaona majani kwa macho yake. Na mimi nikamjibu nini? Nikamuuliza kama majani ya mjomba wake yanaijua nchi kuliko ramani ya serikali. Akaenda zake. Sikurudi darasani kurekebisha. Nilijiambia nitafanya kesho, kesho ikawa wiki, na mwishowe nikaanza kuiamini mwenyewe sentensi yangu, kwa sababu niliisikia kila asubuhi ikitoka katika midomo saba.

Kasongo ndiko kulikokuwa na mtihani. Tulitembea siku nne, tumefunga madaftari katika nailoni, Mwamini akiwa mbele akituchelewesha kwa makusudi kila tulipofika kijiji chenye ndizi. Tulikuwa tumejiandaa mno. Njiani tuliulizana maswali hadi watu wa vijijini wakadhani tunasali. Insha ya Kifaransa ilihusu njia za maji na za reli za nchi, na nilipoisoma nilitaka kuruka, kwa kuwa sentensi zangu tatu zilikuwa zinakaa pale kama zimeandaliwa kiti. Nikaziandika. Tulipotoka nje, Feza akasema ameziandika, na Tabu, na Lukali, na Saidi, na Amuri. Mwamini hakusema kitu. Tulirudi Kabambare tukiimba.

Barua ya mkaguzi wa mitihani ilikuja kiangazi. Perefe aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena kwa sauti. Insha saba kutoka shule yetu zilikuwa na sentensi tatu zinazofanana neno kwa neno, na zote tatu zilikuwa na kosa lile lile. Ilidhaniwa tumeiba mtihani, au kuna mtu alituuzia majibu, tena majibu mabovu. Tulitakiwa kufika Kasongo, wote saba, na ikikosekana maelezo darasa zima litafutwa. Saba, akasema perefe. Alisema saba, akamtazama Mwamini, maana naye tayari alikuwa amemsikia Mwamini akizungumzia majani ya Kalemie. Siku ile Mama Tausi alipika mchele ingawa haikuwa siku yake, na hakuna aliyeuliza kama walimu wamenawa. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa. Amuri alikuwa ananitazama. Usingizini alikoroma kama kawaida, nikamwonea wivu.

Tukatembea tena siku nne, safari hii pamoja na perefe. Mimi nilikuwa na hotuba yangu. Niliifanyia mazoezi kila hatua: mzee, ni mimi niliyewafundisha, hawa wenzangu hawana kosa, walinisikiliza tu. Ilikuwa tayari kabisa, hata mahali pa kuvuta pumzi nilipajua. Amuri alikuwa amelivaa lile koti la kijivu, kwa sababu asubuhi za kiangazi zina baridi, na kwa sababu, alivyosema, chefu wa darasa hawezi kufika mbele ya wakubwa na shati lenye kiraka. Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba wa miwani, mpole, ambaye alikohoa kila baada ya sentensi mbili. Alituweka kwenye benchi ukumbini, akatuita mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na ubao. Alinipa chaki akaniambia nichore Ziwa Tanganyika na mito yake, nilipomaliza akafuta mwenyewe kwa mkono, akaniambia nitoke bila kuongea na mtu. Akafanya hivyo kwa wote saba. Halafu akatuingiza pamoja, akatuketisha kwenye benchi la ndani.

Alikuwa amekaa pembeni ya meza, vidole vina chaki. Akasema: "Mi nafanya hii kazi tangu zamani. Sijaonaka ziwa yenye iko na mulango. Nyinyi saba, kila mutu anachora ziwa, akifika pahali pamoja anainua chaki, anaruka, anaendelea. Ule mulango ni nini?" Tulitazamana. Mimi sikujua kwamba nimeinua chaki. Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumeiangalia ramani ile mwaka mzima, na mikono yetu ilikuwa imejifunza tundu pamoja na ziwa. Mwamini ndiye aliyejibu. "Ni muchwa, mzee." Akaeleza yote: walimu walioondoka, kozi tulizogawana, ramani moja ukutani, pale palipoliwa. Perefe akaapa kwamba ni kweli. Mzee akavua miwani akacheka, cheko fupi lililoishia kwenye kikohozi. Nikadhani yamekwisha.

Lakini alivaa miwani tena. Akasema sawa, hatukuiba, ataandika hivyo, darasa halitafutwa. Ila kuna mtu mmoja alifundisha wenzake kitu asichokijua, tena alijua kwamba hakijui, kwa maana tundu alikuwa analiona. Mtu huyo hawezi kupewa diploma ya kufundisha watoto mwaka huu. Arudie mwaka, ajifunze kusema sijui. Akauliza ni nani.

Niliwahi kusoma kwamba katika saa kama hiyo mtu huona maisha yake yote. Mimi niliona mbao za dari. Zilikuwa tisa, na ya tatu ilikuwa imepinda. Hotuba yangu yote ya siku nne ilikuwa pale mdomoni, nikafungua mdomo, na kilichoingia ni udongo wa Salamabila. Nilisikia sauti ya baba ikisema mbili, hapana. Wakati mimi nahesabu mbao, benchi likalia, Amuri akasimama. Akavuta kola ya lile koti, kwa unyenyekevu, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. "Ni mimi, mzee. Koti la mwalimu si ndiyo hii." Mzee alimtazama, akaandika. Wote tulikuwa tunajua sheria. Aliyevaa koti habishiwi. Kwa miaka thelathini na zaidi nimejificha ndani ya sheria ile, nikijiambia kwamba hata kama ningetaka kusema, yeye alikuwa na koti. Ni kisingizio cha mtoto, na siku ile nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima.

Njiani kurudi alitembea nami nyuma ya wengine. Nilitaka kumshika mikono, nilitaka kulia, sijui nilitaka nini. Alinizuia. "Weye ukirudia, baba yako anakurudisha ku shimo, na shimo ile haitakurudisha. Mimi nikirudia, ninalala kwa shangazi ile ile, ninakula sombe ile ile. Usiniambie aksanti. Siku utakuwa mwalimu, usifundishe kitu hujui." Baada ya hapo akaanza kusimulia jinsi Saidi alivyotoka kwa mkaguzi na chaki hadi puani, akaniigizia, tukacheka wote wawili, na mimi nilijichukia kwa kucheka.

Matokeo tuliyasikia kwenye redio ya perefe, uani, majirani wamejaa. Yalisomwa kwa utaratibu wa daftari la shule, na katika daftari la shule jina la kwanza lilikuwa Amuri, la pili mimi, Bakari. Msomaji akataja shule yetu, akavuta pumzi, akaanza na Bakari. Kisha Feza, Lukali, Mwamini, Saidi, Tabu. Sita. Watu wakapiga vigelegele. Kopo la poda alikuwa amelinunua Amuri mwenyewe, na ndiye aliyetumwagia, mmoja baada ya mwingine, akianza na mimi kama redio ilivyoanza. Aliisugua vizuri nyuma ya masikio. Kopo likaisha. Mwaka uliofuata aliketi na darasa lililotufuata, akavaa koti lile lile akiwafundisha Kifaransa, na akafaulu. Lakini sisi sita tulikuwa tumeshatawanyika, mimi nilikuwa Kasongo na darasa langu la kwanza, nilisikia jina lake redioni, nikasema nitakwenda Jumapili. Sikwenda. Mama Tausi aliniambia baadaye kwamba siku ile Amuri alirudi nyumbani na uso wake wa kila siku, akapasua kuni.

Basi Jumamosi hiyo, Lusangi. Ua la Amuri lilikuwa limefagiwa, mabenchi ya kanisa yameletwa, sufuria za mchele zinatoa mvuke chini ya paa la majani. Mwamini alikuwa ameshafika, amenenepa, ana miwani, na mdomo ni ule ule. Alinikagua kuanzia viatu. Akaniuliza kama nimekuja na mdomo wangu. Nikamjibu nimekuja nao. Saidi alikuja kutoka Salamabila, ambako anauza mabeleshi na tochi. Feza na Lukali walishatangulia mbele ya haki, na Tabu yuko mbali, hata simu yake haishiki. Tulikaa watatu kwenye benchi moja, tukala sombe, na nilimuuliza Mwamini jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ya mtihani yeye aliandika nini, maana yeye alijua. Akasema aliandika sentensi zangu. Alijua ni uongo, akaziandika. "Tulikuwa tumekubaliana juu ya koti," akasema, akaendelea kula. Aliongeza kwamba alijuta kabla hajafika mlangoni, lakini aliona ni afadhali kuanguka na sisi kuliko kupita peke yake. Sikuweza kumaliza sahani yangu.

Baada ya chakula watoto wa Amuri walisimama kumsema baba yao. Wa kwanza, Bahati, ni mwalimu pia, mrefu, na anacheka kwa mabega kama baba yake. Alisimulia jinsi baba alivyowakazania masomo, jinsi alivyowapiga marufuku kuacha shule kwenda machimboni. Na kila walipochoka kukemewa, akasema, walikuwa na dawa yao: wanamwambia, papa, hata weye ulirudiaka la sita. Hapo baba ananyamaza, anacheka, anatoka nje. Waombolezaji wakacheka. Ua zima lilicheka, kicheko kizuri cha kumaliza matanga. Mwamini hakucheka. Wala hakunitazama, aliangalia mikono yake tu, akingoja.

Nikasimama. Nilijitambulisha, nikasema mimi ndiye niliyefundisha kitu nisichokijua, si Amuri, na mwaka ule aliorudia ulikuwa wangu. Nikasimulia ramani, mchwa, koti, mbao za dari. Sikuruka kitu. Nilipofika mahali nilipohesabu mbao nilitaka kuketi, lakini nikaendelea, kwa sababu safari hii nilikuwa nimeapa kumaliza. Mwamini akasema kutoka kwenye benchi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Saidi akasema ndiyo.

Bahati akauliza, kwa adabu, na adabu yake iliniuma kuliko tusi: "Papa Bakari, sababu gani hukusema wakati alikuwa muzima?" Nikamwambia niliogopa. Mwanzo niliogopa shimo, na shimo lilipokwisha niliogopa aibu. Akatikisa kichwa. Hakunifariji, na sikustahili. Akasema tu, akiwatazama wadogo zake: "Tulimucheka miaka yote. Naye alicheka pamoja na sisi." Dada yake akajifunika uso kwa kitambaa.

Nilitoa kopo. Sikuwa na hakika kama watanikubalia, nikaeleza ni la nini, nikasema linaweza kurudi nami Kasongo wakipenda. Bahati alilichukua mkononi mwangu, akaligeuza, akasoma maandishi yake kana kwamba ni barua. Akatangulia. Kaburi liko nyuma ya nyumba, karibu na michikichi, udongo wake bado mwekundu, na ua zima lilitufuata. Mwamini akasimama upande wa miguu, akavuta pumzi kama msomaji wa redio, akataja jina la shule yetu na darasa letu. Kisha akaanza orodha tangu mwanzo wa daftari. Amuri, akasema. Akangoja. Bahati akafungua kopo, akamwaga poda upande wa kichwa, taratibu, akaisambaza kwa kiganja, na wanawake wakapiga vigelegele huku wanalia. Baada yake Mwamini akasoma Bakari, Feza, Lukali, Mwamini, Saidi, Tabu. Saba.

Upepo ulikuwa umenirushia poda kwenye mikono ya shati na usoni, sikuipangusa. Jioni njiani tulisimama kijiji kimoja dereva atie mafuta, na kijana aliyekuwa akimimina kwa chupa aliuona uso wangu, akaniuliza mzee umefaulu nini. Nikamwambia si mimi. Ni mwenzangu, Amuri wa Lusangi, matokeo yake yalichelewa.